Nani Atapanda Tuta Kesho?

Machi 2024 Los Angeles Dodgers walifungua msimu wa besiboli wa Marekani mbali na nyumbani, mjini Seoul, Korea Kusini. Benchi la ufundi lilikuwa limeshapanga warushaji watano wa kuanza mechi kwa zamu: Tyler Glasnow, Yoshinobu Yamamoto, Bobby Miller, Gavin Stone na James Paxton. Nyuma yao, wakiuguza majeraha, walikuwepo wengine watano ambao peke yao wangetosha kuunda zamu ya timu yoyote ya ligi kuu. Clayton Kershaw alikuwa amepasuliwa bega Novemba 2023. Walker Buehler alikuwa akitoka kwenye upasuaji wa pili wa kiwiko. Tony Gonsolin na Dustin May nao walikuwa wamepasuliwa mkono. Wa tano alikuwa Shohei Ohtani, wakati huo mchezaji ghali kuliko wote, ambaye kiwiko chake kilitiwa kisu Septemba 2023, kwa hiyo mwaka mzima angepiga tu bila kurusha.

Ilipofika Oktoba, mechi za mtoano zilipoanza, kati ya wale watano wa Machi alikuwa amebaki Yamamoto peke yake. Na bado Dodgers walichukua ubingwa.

Wengi hulijibu fumbo hili kwa neno moja: pesa. Ni kweli, Dodgers wanazo. Yamamoto alisajiliwa kwa mkataba wa miaka 12 wenye thamani ya dola milioni 325, na Ohtani kwa miaka 10 na dola milioni 700. Lakini pesa hazikumzuia Glasnow kuumia, wala hazikuliponya bega la Yamamoto hata siku moja kabla ya wakati wake. Mechi nyingi zilizoiweka timu hai kuanzia Aprili hadi Septemba zilirushwa na vijana waliokuwa wakilipwa karibu na kima cha chini cha ligi, ambacho mwaka huo kilikuwa dola 740,000. Hao ndio ninaotaka tuwatazame, kwa sababu picha za kombe haziwaonyeshi.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Katika besiboli kila kitu huanza kwa mrushaji. Husimama juu ya tuta la udongo lenye kimo cha sentimita 25 hivi, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na hakuna mchezo mpaka aachie mpira. Mechi ina iningi tisa, na katika kila iningi timu hupiga mpaka wachezaji wake watatu watolewe. Mrushaji anayeanza mechi hutarajiwa kumaliza iningi tano au sita, pengine kwa kurusha mipira 90 hadi 100, kisha warushaji wa akiba humalizia. Baada ya hapo mkono wake unahitaji siku nne au tano kabla ya kurudi tutani. Msimu una mechi 162 ndani ya miezi sita, karibu kila siku mechi. Ndiyo maana timu huhitaji watano, kila mmoja akianza mechi zipatazo 32. Mmoja akianguka, pengo lake hurudi kila baada ya siku tano na kudai mtu.

Na wanaanguka kila mwaka. Bega la mrushaji huzunguka kwa kasi inayokaribia digrii 7,000 kwa sekunde, na ligamenti ndogo iliyo upande wa ndani wa kiwiko hubeba nguvu ambayo haikuumbwa kuibeba mara elfu tatu kwa mwaka. Ligamenti hiyo ikikatika, zamani kazi ilikuwa imekwisha. Tarehe 25 Septemba 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wa kulia wa mrushaji Tommy John na kuipandikiza kwenye kiwiko chake cha kushoto. Alimweleza mgonjwa kwamba uwezekano wa kurudi kurusha ulikuwa mmoja katika mia. John alirudi mwaka 1976, akacheza hadi 1989 akiwa na umri wa miaka 46, na baada ya upasuaji alishinda mechi 164. Timu aliyokuwa akiichezea alipoumia ilikuwa hiyohiyo Dodgers.

Upasuaji huo umeokoa mamia ya warushaji, nami sina neno baya juu yake. Shida ni kwamba mafanikio yake yamewazoesha watu kuuona kama kituo cha kawaida njiani. Ripoti iliyotolewa na ligi kuu Desemba 2024, baada ya kuwahoji madaktari, makocha na warushaji wa zamani, iliweka wazi kinachoendelea: kasi. Mwaka 2008 mpira wa kasi wa kawaida ulikwenda kilomita 147 kwa saa. Mwaka 2024 ulikaribia kilomita 152. Kila mrushaji sasa anarusha kwa nguvu zote tangu mpira wa kwanza, kwa sababu kasi na mzunguko wa mpira ndivyo vinavyompa ajira. Mwaka 2005 warushaji waliingizwa kwenye orodha ya majeruhi mara 212. Mwaka 2024 ilikuwa mara 485.

Kwa hiyo kocha anayepanga zamu leo anajua tangu siku ya kwanza kwamba watano hawatafika. Swali lake halisi ni nani wa sita, wa saba, wa nane, na wa kumi.

Aprili, bega la Miller lilianza kumsumbua, na hata aliporudi shabaha ilikuwa imempotea; alimaliza msimu akiwa ameruhusu wastani wa zaidi ya pointi nane kwa kila iningi tisa, na timu ikamrudisha ligi ya chini. Landon Knack aliitwa kutoka Oklahoma City, ilipo timu ya daraja la juu ya akademi ya Dodgers, karibu kilomita 1,900 kutoka Los Angeles. Emmet Sheehan, kijana mwingine aliyetegemewa kuziba nafasi, alipasuliwa kiwiko Mei. Buehler alirudi Mei 6, ila hakuwa yule Buehler wa zamani: angemaliza msimu na ushindi mmoja na vipigo sita. Katikati ya Juni Yamamoto alitolewa katika mechi dhidi ya Kansas City, misuli inayoshikilia bega ikiwa imevutika. Hangerudi hadi Septemba 10. Dustin May, aliyekuwa akikaribia kupona mkono, alipasuka umio akiwa mezani anakula, akafanyiwa upasuaji wa dharura, na msimu wake ukaishia hapo. Tangu lini mrushaji akaponzwa na chakula?

Katika vurugu hiyo yote mtu mmoja alikuwa akipanda tuta kila zamu yake ilipofika. Gavin Stone alichaguliwa na Dodgers katika raundi ya tano ya kuchagua wachezaji wapya mwaka 2020 kutoka Chuo Kikuu cha Central Arkansas. Silaha yake ni mpira unaotoka mkononi ukifanana na ule wa kasi, kisha unapunguza mwendo na kuzama mpigaji akiwa ameshazungusha gongo. Mwaka 2023 alipopewa nafasi ya kwanza ligi kuu alichapwa vibaya. Mwaka 2024 alikuwa mtu mwingine. Juni 26 mjini Chicago alirusha iningi zote tisa dhidi ya White Sox bila kuruhusu pointi hata moja, jambo ambalo siku hizi hata wakongwe hupitisha miaka bila kulifanya. Alianza mechi 25, akashinda 11, akarusha iningi 140 na theluthi. Hakuna mrushaji mwingine wa Dodgers aliyerusha nyingi kama hizo msimu ule. Glasnow, aliyepewa mkataba mkubwa ili awe nguzo ya zamu, alifika 134, na hizo zilikuwa nyingi kuliko alizowahi kurusha katika mwaka wowote wa maisha yake ya ligi kuu.

Julai ilileta matumaini ya siku chache. River Ryan, aliyewahi kuwa mchezaji wa uwanja wa ndani kabla ya kufanywa mrushaji, alianza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu Julai 22. Siku tatu baadaye Kershaw alirudi. Wakati huohuo timu ilimwachia Paxton, mkongwe aliyekuwa na ushindi nane na vipigo viwili, kwa kuwa ilionekana nafasi zimejaa. Kwa mtazamo wangu hilo ndilo kosa la kihesabu la mwaka ule, ingawa linaeleweka. Majuma matatu hayakupita. Agosti 10 Ryan alitoka uwanjani akiushika mkono, katika mechi yake ya nne tu. Ligamenti ya kiwiko ilikuwa imekatika. Katika mechi hizo nne alikuwa ameruhusu wastani wa pointi 1.33 kwa iningi tisa. Glasnow naye aliingia kwenye orodha ya majeruhi wakati huohuo na hakurudi tena. Agosti 30 kidole gumba cha mguu kilimtoa Kershaw baada ya mechi saba. Siku iliyofuata Stone alirusha mara yake ya mwisho. Paxton, huko Boston alikopelekwa, alikuwa ameshachanika msuli wa kigimbi.

Mshabiki wa soka anaweza kuuliza kwa nini wasisajili tu. Dirisha lilifungwa Julai 30, na kabla halijafungwa Dodgers walifanya jambo moja lililokuja kuwaokoa: walimchukua Jack Flaherty kutoka Detroit, kwa kutoa vijana wawili wa akademi, Thayron Liranzo na Trey Sweeney. Flaherty alizaliwa Burbank, jirani kabisa na Los Angeles, na msimu ule mkono wake ulikuwa mzima. Kwa timu nyingi mrushaji kama yeye ni wa tatu kwenye zamu. Kufikia Septemba, kwa Dodgers alikuwa ndiye wa kwanza.

Baada ya dirisha kufungwa hubaki njia za ndani, na hapa kanuni zina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kikosi cha ligi kuu kina wachezaji 26, na warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13. Nyuma yao ipo orodha pana ya wachezaji 40, ambako kijana anaweza kupandishwa na kushushwa, mwisho mara tano za kushushwa kwa msimu. Mrushaji akishushwa hana ruhusa ya kurudi kabla ya siku 15, isipokuwa anakuja kuziba nafasi ya majeruhi. Kwa maneno mengine, jeraha la mmoja ndilo linalomfungulia mlango mwingine. Knack alipanda na kushuka hivyo mwaka mzima. Justin Wrobleski naye aliitwa Julai, akaanza mechi kadhaa, akarudishwa. Ni maisha ya kulala na begi lililofungwa, na mara nyingi hujui kama kesho utarusha mbele ya watu elfu hamsini au elfu sita.

Njia ya pili ni kuacha kabisa kutafuta mrushaji wa kuanza. Mei 2018 Tampa Bay Rays walimwanzisha Sergio Romo, mtu aliyezoea kumalizia mechi, kwa iningi moja tu ya kwanza, kisha wakaleta wengine. Wazee wa mchezo walikasirika. Miaka sita baadaye mbinu hiyo ilikuwa kiti cha nne kwenye zamu ya Dodgers.

Hapo ndipo kocha mkuu Dave Roberts na kocha wa warushaji Mark Prior walipofanya kazi ambayo naiheshimu sana. Prior mwenyewe alikuwa mrushaji wa kipaji kikubwa kwa Chicago Cubs, na mkono wake ulimkatisha mapema mno; anajua anachokiangalia anapomtazama mtu akishika bega. Waliingia Oktoba na warushaji watatu tu wa kuanza: Yamamoto, Flaherty na Buehler. Yamamoto, aliyezoea kurusha mara moja kwa wiki huko Japani, hawakumpandisha bila mapumziko ya siku tano kamili au zaidi, hata presha ilipokuwa kubwa kiasi gani. Siku ya nne ilikuwa ya watu wa akiba wote.

Raundi ya kwanza San Diego Padres waliwafikisha ukingoni, mechi mbili kwa moja. Mechi ya nne, ugenini, wakihitaji ushindi ili wasitolewe, Dodgers hawakuwa na mrushaji wa kuanza. Ryan Brasier alifungua, wakafuata Anthony Banda, Michael Kopech, Alex Vesia, Evan Phillips, Daniel Hudson, Blake Treinen na Knack. Wanane kwa jumla. Padres hawakupata pointi hata moja, ikaisha 8–0. Mechi ya tano Yamamoto alikutana na Mjapani mwenzake Yu Darvish, akarusha iningi tano safi, na Dodgers wakashinda 2–0. Padres walikuwa wamekaa iningi 24 mfululizo bila kufunga.

Nitasema wazi kwamba mbinu hiyo haikuwa muujiza. Ilipotumiwa tena dhidi ya New York Mets, mechi ya pili ya raundi iliyofuata, Knack alipigwa na Mark Vientos homurani ya pointi nne, yaani mpira uliovuka nje ya uwanja, na mechi ikapotea. Ilipotumiwa katika mechi ya nne ya fainali dhidi ya New York Yankees, Dodgers walichapwa 11–4. Roberts alizikubali mechi hizo zipotee. Alikataa kuwachosha warushaji wake bora katika mechi iliyokwisha kuharibika, na watu wakamlaumu usiku ule. Mimi naona zile mechi mbili zilizopotea zilinunua ubingwa kwa kiasi kikubwa kuliko baadhi ya zile zilizoshindwa.

Kwani tarehe 30 Oktoba, mechi ya tano, Flaherty alitolewa kabla ya kumaliza iningi ya pili. Yankees walifika 5–0. Iningi ya tano makosa yao wenyewe yaliwapa Dodgers pointi tano, na katika ya nane Dodgers wakawa mbele 7–6. Treinen alikuwa amerusha mipira 42, mingi kuliko kawaida yake, na hakuwa na zaidi. Buehler, aliyerusha iningi tano siku mbili tu kabla, alitembea kutoka upande wa akiba na kupanda tuta. Yule wa ushindi mmoja na vipigo sita, mwenye kiwiko kilichoshonwa mara mbili. Alimtoa Anthony Volpe, kisha Austin Wells kwa straiki tatu, kisha Alex Verdugo kwa straiki tatu. Mchezo ukaisha hapo.

Ni hadithi tamu, na Buehler anastahili kila sifa. Lakini Dodgers walishinda mechi 98 msimu ule, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi, na hizo ndizo zilizowapa haki ya kuanzia nyumbani. Zilitoka wapi? Kumi na moja zilikuwa za Stone. Oktoba hiyohiyo wenzake walipokuwa wakishangilia, yeye alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa bega, mwezi uleule aliotimiza miaka 26. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba iningi zile 140 ndizo zilizomwumiza. Ninachojua ni kwamba kila mwenzake alipoanguka, yeye hakupewa nafasi ya kupumua. Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na katika chumba cha takwimu cha timu yoyote bega la kijana wa kima cha chini huonekana jepesi hivyo. Akiumia, klabu inaita mwingine. Yeye hana bega jingine la kuita.

Jambo hili limeshafika kwetu Afrika Mashariki pia. Mwaka 2022 Dodgers waliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka uliofuata Pittsburgh Pirates walimsajili mrushaji wa Uganda, David Matoma. Uganda ilishapeleka timu ya watoto kutoka Lugazi kwenye mashindano ya dunia ya Little League mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika, na katika Dar es Salaam wanafunzi wanacheza besiboli kwenye uwanja wa Shule ya Sekondari Azania uliojengwa kwa msaada wa Japani. Vijana hawa wanaingia mwisho wa foleni ileile aliyokuwemo Stone, na wanaojua kurusha kwa kasi ndio wataitwa haraka zaidi. Miongozo ya ligi kuu na chama cha besiboli cha Marekani inataka mtoto wa miaka tisa au kumi asirushe zaidi ya mipira 75 kwa siku katika mechi, na kila kijana apumzike kurusha katika mashindano miezi minne kwa mwaka. Makocha wetu wa mtaani wanapaswa kuijua kwa moyo kabla hawajafundisha mpira wa kwanza wa kukunja. Mwalimu wa michezo mwenye kijana mmoja tu anayeweza kufikisha mpira kwa mdakaji atashawishika kumtumia kila Jumamosi, asubuhi na jioni. Naelewa kishawishi hicho. Ndicho kilekile kinachowakabili makocha wa Los Angeles, tofauti ni kwamba wao wana daktari pembeni.

Msimu wa 2025 Dodgers waliwasajili Blake Snell na Roki Sasaki ili wasiteseke tena. Kabla ya Juni wote wawili walikuwa nje kwa sababu ya bega, na Glasnow pia. Wakaanza tena kuita watu. Safari hii nguzo zilirudi kwa wakati: Oktoba Snell, Yamamoto, Glasnow na Ohtani waligawana zamu, na Novemba 1 waliwashinda Toronto Blue Jays kwa ubingwa wa pili mfululizo, Yamamoto akimalizia mechi ya saba siku moja tu baada ya kuanza mechi ya sita. Sheehan, yule aliyepasuliwa Mei 2024, alirudi Juni akawa sehemu ya kikosi hicho. Stone na Ryan hawakurusha mpira hata mmoja wa ligi kuu mwaka mzima.